Mpa, nipe, donne-moi

  

Siku moja nilipanda kwenda Nyantende kumsalimia koko wangu. Tulikaa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, yeye kwenye kiti chake kifupi, mimi kwenye jiwe. Wajukuu watatu wakaja kwa zamu, kila mmoja na kiu yake. Wa kwanza, aliyelelewa na koko mwenyewe, alinyoosha mkono akasema: "Mpa amîshi." Wa pili, aliyekuja likizo kutoka mjini, akasema: "Koko, unipatie maji." Wa tatu, binti mkubwa anayesoma sekondari, akasema: "Donne-moi de l'eau." Koko aliwapa wote watatu, kikombe kilekile cha plastiki, maji ya bidoni ileile ya njano. Wakanywa, wakaondoka. Mimi nikabaki na yale maneno.

Nataka tuongee juu ya neno la kwanza na la tatu, yaani "mpa" na "donne". Hayana undugu wowote. Moja lilitembea kwa miguu kutoka upande wa magharibi wa Afrika hadi kwenye vilima vyetu, na lingine lilitoka Italia ya kale, likapita Ufaransa na Ubelgiji, likaingia kwetu na shule. Lakini njia ambayo wataalamu wameitumia kufuata nyayo za hilo la Italia ndiyo ileile inayofuata nyayo za la kwetu. Na nyayo za la kwetu, amini usiamini, zinaonekana wazi hata kwa mtu asiye na kitabu mkononi. Tuanze nazo.

Kwa Mashi, lugha yetu sisi Bashi wa hapa Kivu, kitenzi cha kumpa mtu kitu ni okuhà. Hapo kuna "h". Wanaosali Baba Yetu kwa Mashi wanalifahamu neno orhuhe, yaani "utupe". Hapo pia kuna "h". Sasa rudi kwa yule mtoto: hakusema "nha", wala hakusema "niha". Alisema "mpa". Hiyo "p" imetoka wapi? Koko hajawahi kuketi darasani kufundishwa kwamba "h" igeuke "p". Mtoto naye hajafundishwa. Lakini hakuna Mushi anayekosea hapo.

Vuka Ruzizi uingie Rwanda. Kutoa ni guha, lakini "nipe" ni mpa. Shuka Burundi: guha, na tena mpa. Panda hadi Kampala: Waganda wanasema okuwa, hata "h" hawana, wana "w". Mganda akitaka umpe kitu anasema nini? Mpa. Lugha nne, vitenzi vimeachana kiasi hicho, lakini mtu akiomba kwa ajili ya nafsi yake sauti ni moja.

Fanya nami jaribio dogo hapo ulipo. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "pa, pa, pa". Midomo inafunga, halafu pumzi inapasuka. Sasa sema "ha, ha, ha". Midomo haigusani, ni pumzi tu inayopita. Mtu anayesema "pa" kwa haraka, kizazi baada ya kizazi, huanza kuiachia midomo kidogo, mwishowe ibaki pumzi tupu. Hivyo ndivyo "p" inavyozeeka ikawa "h". Imetokea kwenye lugha nyingi duniani, na ni nadra sana kuona pumzi tupu ikirudi kuwa "p". Sasa sema "m". Midomo imefunga tayari, siyo? Ukitoka kwenye "m" kwenda kwenye "p", midomo haina nafasi ya kulegea. Ile "m", ambayo ni kiambishi cha "mimi", iliishikilia "p" ya wahenga isiondoke. Kwingine kote katika lugha hizo nne "p" ilikwisha, ila hapo ikabaki kama mbegu iliyofunikwa na udongo.

Ndiyo maana wataalamu wanasema, bila kusita, kwamba kitenzi cha mababu wa lugha zetu kilikuwa -pá, na sauti yake ilipanda juu. Kiswahili kimeiacha "p" kama ilivyokuwa: nipe, nikupe, ampe. Washona wa Zimbabwe wanasema -pa, Wazulu -pha. Na ukitaka ushahidi mwingine kwamba "p" ya Kiswahili na "h" ya Mashi ni mtu na ndugu yake, angalia pembe ya ng'ombe: kwetu ni ihembe. Kupindua ni okuhindula. Angalia na mbuzi: sisi tunasema empene, Warundi wanasema impene, lakini Mrundi akimtaja mbuzi mdogo anasema agahene. "M" ikiondoka, "p" inalegea papo hapo, ndani ya neno lilelile.

Mtakapoona kitenzi hicho kwenye vitabu, kimewekewa nyota mbele yake. Nyota hiyo ina maana nzito. Inasema: neno hili hakuna aliyeliandika, hakuna aliyelirekodi, limejengwa upya kutokana na watoto wake. Desturi ya nyota ilienezwa na Mjerumani August Schleicher katika karne ya 19, alipokuwa akishughulika na lugha za Ulaya na India. Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, akaichukua njia hiyo akaileta kwenye lugha zetu. Kitabu chake juu ya sauti za Kibantu kilitoka mwaka 1899. Baadaye akaja Mwingereza Malcolm Guthrie, aliyekuwa mmisionari hapa Kongo, Kinshasa, katika miaka ya 1930, kabla hajawa profesa London. Kati ya 1967 na 1971 alichapisha mabuku manne ya kulinganisha lugha za Kibantu, na ndani yake kuna mizizi zaidi ya 2,000. Yeye ndiye aliyezipa lugha zetu namba kama nyumba za avenue: Kiswahili ni G42, Mashi ni D53. Mwaka huohuo wa 1967, Mbelgiji A. E. Meeussen wa makumbusho ya Tervuren alichapisha kazi fupi inayojenga upya sarufi yenyewe, yaani jinsi kitenzi cha mababu kilivyokuwa kikinyambulika.

Na kwetu hapa? Lwiro, katika teritwari yetu ya Kabare, palikuwa makao makuu ya taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Wengi wanaikumbuka kwa mitetemeko ya ardhi, volkano na wanyama, lakini IRSAC iligharamia pia utafiti wa lugha. André Coupez, mmoja wa mabingwa wa Kinyarwanda, alikuwa mtu wake, akifanya kazi Rwanda. Mashi yenyewe ilipata kitabu kikubwa cha sarufi mwaka 1975, kilichoandikwa na Louise Polak-Bynon na kuchapishwa Tervuren. Wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu, ISP Bukavu, nao wameandika kazi zao za mwisho wa masomo juu ya Mashi, moja baada ya nyingine. Natamani siku moja zitolewe kwenye rafu zisomwe redioni.

Turudi kwenye kitenzi, maana bado hakijatoa yote. Kwa Kiswahili aliyepokea zawadi "amepewa". Umewahi kujiuliza ile "e" imetoka wapi? Kupiga ni kupigwa, kulima ni kulimwa. Kwa nini kupa isiwe "kupwa"? Kwa Mashi tunasema okuhabwa. Mganda anasema okuweebwa. Tazameni: Mushi ana "b" bila "e", Mswahili ana "e" bila "b", na Mganda anavyo vyote viwili. Kitenzi cha mababu, kikifuatwa na kiambishi cha kutendwa, kilikuwa kama "pa-ibwa". "A" na "i" zikikutana huzaa "e", kama katika wingi wa kale wa "jino", yaani ma-ino, uliogeuka "meno". Na "b" ya kale Kiswahili kiliiangusha njiani: Mushi anasema okubona, Mswahili anasema kuona. Kwa hiyo "pa-ibwa" ikawa "pebwa", na "pebwa" ikawa "pewa". Sheria mbili za sauti, zilizogunduliwa kwenye maneno mengine kabisa, zimekutana ndani ya neno moja na zikajibu swali ambalo hata mtoto wa darasa la tano angeuliza.

Nasema kwa dhati, wasikilizaji: mara ya kwanza nilipoliona hilo nililala usiku nikiwa na furaha.

Sasa tumgeukie yule binti na "donne" yake. Donner ya Kifaransa ilitoka kwenye donare ya Kilatini, nayo ikatoka kwenye donum, zawadi. Donum ni mtoto wa kitenzi dare, kutoa. Mababa na mababu zetu waliopita seminari watakikumbuka, maana kilikuwa kati ya vitenzi vya mwanzo mwanzo: do, das, dat. Lakini Kilatini hakikuwa peke yake Italia. Kilikuwa na jirani zake: Kioska upande wa kusini, kilichosemwa hata Pompeii, na Kiumbria upande wa milimani. Wote hao walikuwa na baba mmoja ambaye hakuacha maandishi, aliyesemwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wataalamu wanamwita Kiitaliki cha asili. Naye anaandikwa kwa nyota, kama baba wa Mashi.

Ushahidi wa huko hauko midomoni mwa watu, maana Kioska na Kiumbria vilikufa. Uko kwenye shaba na mawe. Mwaka 1835, mjini Todi, ilifukuliwa sanamu ya shaba ya askari, iliyotengenezwa yapata miaka 400 kabla ya Kristo. Kwenye vazi lake la vita kuna maandishi mafupi ya Kiumbria yanayosema kwamba mtu fulani aliitoa iwe zawadi. Kitenzi chake ni dede. Pompeii kuna jiwe la Kioska linaloeleza kuwa mtu aitwaye Vibius aliwaachia vijana wa Pompeii fedha katika wosia wake, na kwa fedha hizo likajengwa jengo. Kitenzi chake ni deded. Kilatini nacho kinasema dedit. Dede, deded, dedit: mwanafunzi hahitaji kuambiwa kwamba hawa wametoka tumbo moja.

Angalieni jinsi kitenzi hicho kilivyoonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Kilirudia mwanzo wake: d, halafu d tena. Mzee wa Kiitaliki alipotaka kusema "ametoa" aligonga mlango mara mbili. Sisi Wabantu wa kale hatukufanya hivyo, tulibadilisha mkia. Mushi anasema okukola, kufanya kazi, na aliyekwisha kuifanya akozire. Mkia huo wa -ire ni wa kale sana. Kitenzi cha mababu kilikuwa nao, na mashairi ya zamani ya Lamu yameutunza katika umbo la -ile, ingawa Kiswahili cha leo kimeuacha na kuweka "me" katikati.

Halafu kuna tofauti ninayoipenda kuliko zote. Dedit ya Kilatini inakuambia kwamba mtu alitoa, basi. Aliyepokea atatajwa baadaye, au asitajwe. Jaribu kusema hivyo kwa Kiswahili: "Nimepa." Haiwezekani! Kitenzi kinakataa. Lazima useme nimekupa, nimempa, nimewapa. Meeussen alionyesha kwamba kitenzi cha mababu zetu kilikuwa na vyumba vyake kwa mpangilio: kwanza mtendaji, kisha wakati, kisha anayefikiwa na tendo, ndipo mzizi, na mwisho mkia. "A-me-ni-pa." Kile chumba cha anayepokea kimejengwa ndani ya neno lenyewe, kabla hata hujafika kwenye kutoa. Kiswahili kimekipa kitenzi -pa masharti makali zaidi: chumba hicho kisibaki kitupu.

Hapa Bushi jambo la kupa na kupewa halikuwa dogo. Ardhi ilikuwa ya mwami, yaani mfalme. Mtu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, akapewa haki ya kulima na kuwarithisha watoto wake. Wazee wa Nyantende wanaoeleza mpaka wa shamba bado wanaanza hadithi kwa nani alimpa nani. Na kule mbali, kwenye vibao vya udongo vya Wahiti wa Uturuki ya kale, kitenzi kilicho ndugu wa dare kinamaanisha kuchukua! Mzizi mmoja, kwa Warumi kutoa, kwa Wahiti kuchukua. Mswahili hashangai, maana "kutoa" kwetu ni kumtolea mtu sadaka na pia kumtoa mtu nyumbani.

Bado kuna mtoto wa pili, yule wa mjini, na "unipatie" yake. Hapa nawaomba tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huteleza. -Pata inafanana na -pa, na maana zinakaribiana: anayepewa hupata. Ungeweza kuapa kwamba ni mama na mwana. Sivyo. -Pata ilitoka kwenye mzizi mwingine, uliokuwa na maana ya kushika, kukamata. Mtoto wa Bukavu anayesema "unipatie" kwa hakika anasema "unishikie". Kufanana kwa sura hakutoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni sheria inayorudi mara nyingi: pembe na ihembe, pindua na hindula, pa na ha. Nimewahi kusikia watu wenye heshima zao wakipanga maneno ya Mashi na ya Kilatini yanayofanana, wakitangaza kwamba sisi na Warumi ni ndugu. Nawaheshimu, lakini Mashi haihitaji kuazima ukoo wa mtu.

Na yule mtoto wa mjini asionewe. Akisema "koko anatupatiaka maji", mwalimu humkatiza: hiyo -ka mwishoni ni makosa, toa! Kwa Kiswahili cha mtihani, mwalimu yuko sawa. Lakini mkia huo wa kuonyesha mazoea haukuzaliwa jana barabarani. Lingala inao: azalaka. Kinyarwanda kina -aga: yakoraga, alikuwa akifanya kazi. Meeussen aliuweka kwenye sarufi ya mababu. Kiswahili cha pwani kiliupoteza, na watu wa Kongo, wakikizungumza Kiswahili wakiwa na lugha za mama zao kichwani, wakaurudisha nyumbani. Ningependa mwalimu anapouweka wekundu amwambie mtoto na hilo pia.

Mtu aliniuliza wiki hii: haya yana faida gani, bei ya unga ikiwa hivi ilivyo? Nilimjibu hivi. Warumi walikuwa na shaba na mawe. Kioska kilikufa, lakini kile alichotoa Vibius bado kinasomeka. Sisi Bushi shaba yetu ya maandishi ni mdomo wa mtu. Ile "p" iliyojificha ndani ya "mpa" haijachorwa kwenye mwamba wowote wa Nyantende. Inaishi kila mara mtoto anaponyoosha mkono akiomba kwa Mashi. Mtoto akianza kuona haya kuomba kwa Mashi mbele ya wenzake, na nimewaona wengi wanaoona haya, hakuna jumba la makumbusho litakaloitunza kwa niaba yake. Vitabu vya Tervuren vitabaki na umbo lake, ndiyo. Lakini umbo la kwenye karatasi halimwambii mtu kwamba koko huishusha sauti kidogo anaposema "mpa" kwa mtoto, na huipandisha anaposema kwa mtu mzima aliyechelewa kumletea dawa.

Kwa hiyo simu mliyonayo mfukoni, ile yenye kinasa sauti, ichukueni Jumapili hii mkitoka misa. Kaeni na mzee wenu. Msimhoji kama polisi. Mwacheni aeleze jinsi alivyopewa shamba, jinsi alivyompa binti yake mbuzi siku ya ndoa, nanyi rekodini. Vitenzi vyote vya ukoo vitapita hapo, na mikia yao yote.

Ile jioni, baada ya watoto kuondoka, nilimweleza koko habari za Todi na Pompeii. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo Vibius alikuwa na watoto wake mwenyewe, na kama watoto hao walikubali fedha za baba yao ziende kwa vijana wa mji. Nikasema jiwe halikueleza. Akatikisa kichwa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima, na kile kikombe kilikuwa kimebaki juu ya bidoni, upande wangu. Akanyoosha mkono. Midomo yake ikafunga, ikafunguka.

"Mpa."

Nikampa.